Mwombaji Mmoja, Mistari Mingi: Majedwali Ndani ya Rekodi za Udahili

Ukitaka kujua chuo kinawaonaje waombaji wake, fungua rekodi ya mwombaji mmoja kwenye programu ya udahili, ingia kwenye kichupo cha elimu, utazame sehemu za kujaza zilivyopangwa. Mara nyingi utakuta Shule ya 1, Mwaka wa 1, Matokeo ya 1. Kisha Shule ya 2 na ndugu zake. Kisha ya 3. Chini kabisa kuna kisanduku kipana kilichoandikwa “Maelezo mengine”.

Mimi natunza kumbukumbu za waombaji katika chuo kimoja cha binafsi mashariki mwa Uganda, upande huu wa Mbale ambako Malaba iko karibu kuliko Kampala. Miaka niliyokaa na rekodi hizi imenipa msimamo ambao sijaona sababu ya kuuacha: jambo lolote linaloweza kumtokea mwombaji zaidi ya mara moja lisipewe sehemu zenye namba. Lipewe jedwali lake, lifungamanishwe na rekodi yake, na jedwali hilo lionekane ndani ya kichupo, pale pale afisa anapofanya uamuzi. Kwangu hili ni suala la haki kabla halijawa suala la kompyuta, na nitaeleza kwa nini.

Fomu yenye nafasi tatu ni kama nyumba iliyotandikwa vitanda vitatu: mgeni wa nne atalala sebuleni. Sebule yetu ni kile kisanduku cha “Maelezo mengine”. Mwanafunzi aliyenyooka, aliyesoma miaka saba ya msingi akafanya mtihani wa PLE, akaenda minne ya sekondari hadi mtihani wa UCE, akamalizia miwili ya sekondari ya juu na mtihani wa UACE, nafasi tatu zinamtosha kabisa. Fomu ilishonwa kwa kipimo chake. Lakini tazama wengine wanaofika dirishani. Yupo aliyeanza shule Bunia, Kongo, akavuka Ziwa Albert na wazazi wake, akaendelea katika shule ya makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, akafanya UCE, akairudia, kisha akapata nafasi ya S.5, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, katika wilaya nyingine. Yupo kijana wa Bungoma mwenye KCSE, cheti cha sekondari cha Kenya, na stashahada ya ufundi ya huko huko. Yupo baba wa watoto watatu aliyefanya UACE mara mbili, akasomea cheti cha ualimu, na sasa anaomba kwa njia ya watu wazima. Yupo Mtanzania mwenye matokeo ya kidato cha nne na cha sita kutoka NECTA, baraza la mitihani la kwao, na barua ya kuhamisha masomo kutoka chuo alichoanzia.

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Vijana wao wanafika kwenye umri wa chuo kila mwaka. Mtu ambaye maisha yamemhamisha-hamisha ndiye mwenye vyeti vingi, shule nyingi, vikao vingi vya mtihani, na ndiye fomu yenye nafasi tatu inayemkata. Historia yake inasukumwa kwenye kisanduku cha maelezo. Huko afisa mmoja ataandika “alirudia S.6”, mwingine ataandika “mtihani mara ya pili”, wa tatu ataandika mwaka tu. Siku ya uchambuzi hakuna anayeweza kuyatafuta maneno hayo kwa pamoja. Programu itasoma nafasi tatu, itahesabu nafasi tatu, itampanga kwa nafasi tatu.

Mama mmoja wa Busia aliyemleta binti yake aliwahi kuniuliza, “Mwanangu, karatasi zote nilizolipia fotokopi, mbona kwenye kompyuta naona mbili tu?” Nikamwambia, “Mama, zote tumezipokea, ziko kwenye faili.” Akasema, “Anayechagua anasoma faili au anasoma hiyo?” Lilikuwa swali sahihi. Anayechagua husoma kioo cha kompyuta. Rekodi elfu kadhaa hazifunguliwi karatasi kwa karatasi, na ukweli huo ndio unaoufanya mpangilio wa kichupo uwe na uzito kuliko watu wanavyodhani.

Wazo la kutatua jambo hili ni la zamani kuliko wengi wetu tunaofanya kazi hizi. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mwanahisabati mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza data itunzwe katika majedwali yanayohusiana kwa thamani zilizomo ndani yake, bila mtumiaji kulazimika kujua data imepangwaje ndani ya mashine. Sehemu ya kwanza ya nidhamu aliyoileta ni hii: chumba kimoja cha jedwali kibebe thamani moja, na kundi la vitu vinavyojirudia litolewe nje, liwe jedwali lingine. Shule ya 1, Shule ya 2, Shule ya 3 ni kundi linalojirudia kama yale aliyoyataka yatolewe. Zaidi ya nusu karne imepita na bado tunazitengeneza fomu hizo.

Utendaji wake ni mwepesi kueleweka. Mwombaji ana mstari mmoja katika jedwali la waombaji, na mstari huo una namba yake ya utambulisho. Jedwali la shule lina mstari mmoja kwa kila shule aliyosoma, na kila mstari umebeba namba ile ile ya mwombaji. Akiwa na shule mbili, mistari miwili. Akiwa na tisa, mistari tisa. Hakuna aliyenyimwa nafasi na hakuna nafasi zilizobaki tupu. Ukifungua rekodi yake, programu inatafuta mistari yote yenye namba yake na kuipanga ndani ya kichupo.

Programu zinazotumika leo karibu zote zina njia ya kufanya hivyo, kila moja kwa jina lake. Slate ya kampuni ya Technolutions, ambayo ofisi nyingi za udahili za vyuo vya Marekani huitumia, inakuruhusu kuunda entiti: aina ya kitu ambacho mtu mmoja anaweza kuwa nacho mara nyingi. Ukishaiunda na kuipa sehemu zake, unaiweka kama jedwali ndani ya fomu, na fomu unaiweka kwenye kichupo ulichokibuni mwenyewe. Odoo ina aina ya sehemu inayojengwa juu ya uhusiano wa mmoja kwa wengi. Frappe, ambayo ni msingi wa ERPNext, ina majedwali-watoto, na kila mstari wake unahifadhi jina la rekodi mzazi pamoja na nafasi yake katika mpangilio. Salesforce huonyesha orodha ya rekodi zinazohusiana chini ya rekodi kuu. Hata kwa programu iliyoandikwa na vijana wa hapa hapa chuoni kwa PHP na MySQL, ni jedwali la pili na safu moja ya namba ya mwombaji. Anayekuambia haiwezekani, mwombe akuonyeshe hifadhidata ilivyojengwa.

Mpangilio wa kazi una umuhimu wake. Kwanza unda kitu chenyewe na ukipe jina litakaloeleweka na afisa mpya. Kisha ziunde sehemu zake, na uhakikishe kila sehemu umeifunga kwenye kitu hicho, wala hukuifunga kwa mwombaji. Ukikosea hapo, thamani ya mstari wa pili itafuta ya mstari wa kwanza. Baada ya hapo tengeneza fomu ndogo ya kujazia mstari mmoja. Halafu tengeneza kichupo, uweke jedwali ndani yake, uchague safu zitakazoonekana na zipangwe kwa nini. Mwisho kabisa ruhusa. Jaribu kwa rekodi ya mwombaji wa kubuni mwenye historia ngumu kuliko zote unazozijua, maana rekodi nyepesi hupita kwenye mfumo wowote.

Sasa nije kwenye matokeo ya mitihani, ambapo jedwali moja halitoshi.

Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, linataka anayeingia shahada kwa njia ya moja kwa moja awe na ufaulu wa masomo yasiyopungua matano ya UCE na ufaulu wa prinsipali mbili za UACE, yaani masomo makuu mawili yenye alama A hadi E, zilizopatikana katika kikao kimoja. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye kazi. Chukua mwombaji aliyepata prinsipali moja, Uchumi, katika UACE ya 2020, akarudia 2022 akapata prinsipali moja, Jiografia. Kwenye fomu bapa yenye orodha ya masomo na alama, ana prinsipali mbili. Anaonekana amefuzu. Hajafuzu kwa njia hiyo, na kama chuo kitamdahili, kitakuja kumgundua baadaye, akiwa ameshalipa ada ya mihula kadhaa. Kinyume chake kipo pia: aliyepata prinsipali moja mara ya kwanza na tatu mara ya pili, lakini fomu ina nafasi ya matokeo ya kwanza tu, anakataliwa wakati ana haki yote.

Kwa hiyo sisi tuna jedwali la vikao na chini yake jedwali la masomo. Kikao kina mtihani wenyewe, baraza lililoutoa, mwaka, namba ya kituo na ya mtahiniwa. Namba ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ina umbo linalojulikana, herufi U na tarakimu nne za kituo, mkwaju, halafu tarakimu tatu za mtahiniwa, na anayerudia mtihani hupata nyingine. Kila somo linashikamana na kikao chake. Swali la prinsipali mbili za kikao kimoja sasa linajibika na mashine bila kubahatisha.

Safu ya mwaka nayo inataka uangalifu. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. UACE ya 2020 ilifanywa mwaka 2021, na UACE ya 2021 haipo. Kenya walifanya tofauti: KCSE ya 2020 ilifanywa mwanzoni mwa 2021, na KCSE ya 2021 ilifanywa Machi 2022. Basi mwombaji wa Uganda anayejaza UACE 2021 ametaja mwaka alioketi kwenye chumba cha mtihani, na mwombaji wa Kenya anayejaza KCSE 2021 yuko sawa kabisa. Safu yetu tumeiandika “Mwaka ulio kwenye cheti”. Maneno hayo manne yameondoa maswali mengi ya simu.

Liko pia suala la herufi. Herufi A haina maana mpaka ujue imetoka wapi. A ya UACE ina pointi 6. A ya KCSE ni pointi 12 katika ngazi yao inayoshuka hadi E yenye 1. A ya NECTA ina ngazi yake. Na tangu UCE ya 2024, ambayo matokeo yake yalitoka Februari 2025, hata UCE yetu wenyewe ina A hadi E, kwa sababu watahiniwa hao ndio wa kwanza wa mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020. Kaka zao wana D1, D2, C3 hadi C6, P7, P8 na F9. Mtahiniwa wa Kongo yeye anakuja na asilimia. Hapo kabla, mtu akiniambia sehemu ya alama iwe ya kuandika huru, ningeweza kumsikiliza. Sasa siwezi. Orodha ya kuchagua alama ni lazima itegemee mtihani uliochaguliwa kwenye kikao, ili anayejaza UCE ya 2019 asione A, na anayejaza ya mtaala mpya asione C3. Programu nyingi zinaweza kuchuja orodha kwa masharti ya namna hiyo. Isiyoweza, weka sheria ya ukaguzi itakayokataa mstari usiolingana.

Nimeona vyuo vinavyohifadhi jumla ya pointi za mwombaji na kuacha masomo yenyewe kwenye karatasi. Hilo linanisikitisha, kwa sababu jumla hubadilika kulingana na kozi. Katika utaratibu wa uzito unaotumika kwenye vyuo vikuu vya umma, masomo mawili ya lazima kwa kozi huzidishwa kwa 3, la tatu linalohusiana huzidishwa kwa 2, yanayofaa kuwepo, kama masomo madogo (sabsidiari) ya General Paper na kompyuta, kwa 1, na mengine kwa 0.5. Kwa UCE ya mfumo wa zamani, kila distinksheni (D1, D2) huongeza 0.3, kila krediti (C3 hadi C6) 0.2, kila pasi (P7, P8) 0.1. Wasichana huongezewa 1.5, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990.

Fanya hesabu ya binti mmoja. Ana B na C katika masomo mawili ya lazima, yaani 5 na 4. Mara tatu, ni 15 na 12. Somo la tatu ana D, pointi 3. Mara mbili, 6. General Paper na kompyuta, pointi moja moja. Hiyo ni 35. UCE ana distinksheni tatu na krediti tano, 0.9 na 1.0, tunafika 36.9. Ongeza 1.5, ana 38.4. Sasa akibadili kozi, na lile somo la D likawa la lazima huku la B likishuka kuwa la kuhusiana, jumla yote inapaswa kupigwa upya: C inabaki 12, D inakuwa 9, B inakuwa 10, na binti yule yule anashuka hadi 36.4. Aliyehifadhi jumla peke yake ameshika jibu la swali lililopita. Aliyehifadhi masomo mstari kwa mstari anaweza kumwambia binti huyo ana nafasi gani katika kila kozi anayoitaja, akiwa bado amesimama dirishani.

Kuna jedwali jingine ambalo kwa chuo cha mpakani naliona ni la lazima: la ulinganishaji wa vyeti. Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na UNEB. Vya juu ya sekondari hulinganishwa na NCHE. Yule kijana wa Bungoma mwenye KCSE na stashahada anahitaji barua mbili kutoka taasisi mbili, na kila barua ina safari yake: imeombwa lini, risiti ya malipo iko wapi, imetoka, inasema nini. Sehemu moja ya “Ulinganishaji: Ndiyo/Hapana” inadanganya mara tu barua moja inapofika na nyingine haijafika. Tuliyoweka sisi ina mstari kwa kila cheti, na afisa anaona mara moja kinachosubiriwa ni nini na kwa nani. Mwombaji akipiga simu kutoka Webuye kuuliza, anajibiwa na yeyote aliye mezani.

Na majina. Watu wa nje hawajui majina yanavyotutesa Uganda. Cheti cha PLE kina majina mawili, cha UCE kimepindua mpangilio, kitambulisho cha taifa kina jina la tatu, na kwa waliokuja kutoka Kongo tahajia hubadilika kwa kila karani aliyelisikia jina kwa sikio lake. Mwombaji anaambiwa alete hati ya kisheria ya kuthibitisha kuwa ni mtu yule yule. Jedwali la majina, lenye mstari kwa kila hati, jina kama lilivyoandikwa humo, na kama tofauti imeshathibitishwa, linamwokoa asiulizwe jambo hilo hilo na maafisa watatu tofauti. Mimi hulipenda jedwali hili kuliko mengine yote, ijapokuwa ni fupi.

Lakini si kila kitu ni jedwali. Tarehe ya kuzaliwa ni moja. Namba ya kitambulisho cha taifa yenye herufi na tarakimu 14 ni moja. Wilaya ya asili, ambayo kwa udhamini wa serikali ina uzito wake kwenye mgao wa wilaya, ni moja. Ukiyaweka haya kwenye majedwali, kesho utakuta mtu mwenye tarehe mbili za kuzaliwa na hakuna anayejua ya kuamini. Namba ya simu nimebishana nayo sana na wenzangu. Mimi nasema iwe jedwali, kwa sababu mwombaji wa hapa ana laini ya MTN, laini ya Airtel, na akiwa Kenya ana ya Safaricom, na ya mjomba anayemlipia ada. Wengine wanasema namba moja inatosha. Waliosema hivyo si wao wanaopiga simu wiki ya kutoa barua za udahili.

Kuhusu kinachoonekana kwenye kichupo: jedwali la vikao linaweza kuwa na safu kumi na mbili kwenye hifadhidata, kichupo kionyeshe nne au tano. Mtihani, mwaka, namba ya mtahiniwa, idadi ya prinsipali, imehakikiwa au la. Mengine yafunguke afisa akibofya mstari. Mpangilio uwe wa mwaka wa karibuni juu. Kama jedwali halina mstari, kichupo kiseme wazi kuwa hakuna kilichojazwa, kisibaki cheupe, maana weupe unaweza kuwa na maana mbili na afisa atachagua ile iliyo rahisi kwake. Na safu ya “imehakikiwa” iandikwe na programu yenyewe pamoja na jina la aliyehakiki na tarehe.

Ruhusa zinahitaji moyo wa kumlinda mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inazitaja taarifa za fedha, za afya na za imani ya dini miongoni mwa data binafsi za kipekee zinazohitaji ulinzi wa juu zaidi, na ipo Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari, ya kusimamia. Jedwali la wadhamini, lenye nani analipa, kiasi gani na kwa njia gani, ni taarifa za fedha za watu ambao pengine hawajawahi kufika chuoni. Lisikae kwenye kichupo kimoja na matokeo ya mitihani ambacho kila mhadhiri wa kamati anakiona. Lipewe kichupo chake, na kichupo kifunguke kwa ofisi ya fedha na kwa afisa mmoja wa udahili. Kwa mkimbizi jambo hili ni zito zaidi: jedwali la anwani zake za zamani ni ramani ya alikokimbia. Kama uamuzi wa udahili hauihitaji ramani hiyo, isikusanywe.

Data za zamani huhamishwa kwa kugeuza safu kuwa mistari. Excel inaifanya kazi hiyo vizuri kupitia zana yake ya Power Query. Ondoa mistari mitupu itakayotokana na nafasi ambazo hazikujazwa, hesabu shule zilizokuwepo kabla na baada, halafu vile visanduku vya “Maelezo mengine” visomwe na mtu, kimoja kimoja. Hakuna njia ya mkato ya hapo, na kazi hiyo inastahili kulipwa saa za ziada.

Mtego mkubwa unakuja kwenye ripoti, na karibu kila ofisi inayoanza kutumia majedwali haya hunaswa nao. Ukiunganisha jedwali la waombaji na la vikao, mwombaji mwenye vikao vitatu anatokea mara tatu. Anayehesabu mistari atasema waombaji wameongezeka, na namba hiyo ikifika kwenye baraza la chuo, itapangiwa bajeti. Dawa yake ni kujua unauliza nini. Ukitaka watu, hesabu namba za waombaji zisizorudiwa. Ukitaka kujua nani ana angalau kikao kimoja cha KCSE, uliza kama mstari wa namna hiyo upo, bila kuunganisha majedwali. Ukitaka kikao bora cha kila mtu, chagua kimoja kwa kila mmoja kwa kanuni iliyoandikwa, na kanuni hiyo iwe imeamuliwa na kamati, asiachiwe fundi wa kompyuta aiamue peke yake usiku.

Mzee mmoja wa ofisi yetu, aliyeanza kazi enzi za madaftari makubwa ya jalada gumu, alipoona kichupo kipya mara ya kwanza alivuta kiti akasoma rekodi ya kijana wa Kyangwali kutoka juu hadi chini. Akasema, “Huyu amesoma sana. Mbona mwaka jana tulimwona kama hana kitu?” Nikamjibu, “Mzee, mwaka jana tulikuwa na nafasi tatu.” Kijana aliomba tena, akapelekwa kwenye kamati akiwa na vikao vyake vyote na barua ya ulinganishaji. Kamati ilibishana kuhusu uwezo wake, kama inavyotakiwa ibishane, ikiwa na historia yake yote mbele yake.

Kazi iliyo mezani sasa ni ya waliofanya UCE ya mtaala mpya mwaka 2024. Waliingia S.5 mwaka 2025 na watafanya UACE mwishoni mwa 2026, kwa hiyo barua zao za maombi zitatufikia 2027. Rekodi zao zitakuwa na UCE ya A hadi E kwenye kikao kimoja, na pembeni yao watakuwapo waliorudia, wenye D1 hadi F9 kwenye kikao cha zamani, mtu mmoja mifumo miwili. Tumeshaongeza safu ya mfumo wa upimaji kwenye jedwali la vikao na tunaijaza kwa mistari ya nyuma, tukianza na waombaji wa watu wazima kwa sababu vyeti vyao ndivyo vya zamani zaidi. Kwa vyuo vinavyotumia programu ya kununua, muulizeni muuzaji sasa hivi kama orodha ya alama inaweza kufuata mtihani na mwaka kwa pamoja, na mtake awaonyeshe kwenye rekodi ya majaribio, wala msikubali jibu la mdomo.